Ndugu Yako Akiwekwa Ndani, Shika Saa na Karatasi

Kariakoo watu hubebwa mchana kweupe. Mara ni operesheni ya mgambo Mtaa wa Kongo, mara ni ugomvi wa fremu Narung'ombe, mara kiongozi kaja kusikiliza kero, mfanyabiashara kajibu kwa sauti ya juu, na kabla mkutano haujafungwa kashapakiwa kwenye difenda. Nyumbani simu inaita: "Njooni kituo cha polisi Msimbazi, mwenzenu kawekwa ndani." Kinachofuata tunakijua. Ukoo mzima unaanza kuulizana nani anamjua nani. Mjomba ana rafiki yake polisi, shemeji alisoma na katibu tarafa. Jioni inaingia, na hakuna hata mmoja aliyeandika mtu kakamatwa saa ngapi, na nani, kwa kosa gani.

Makala haya yanaihusu familia hiyo. Sheria za Tanzania zinazoruhusu mtu kuzuiwa kabla ya kuhukumiwa, hata ile kali kuliko zote ya mwaka 1962, zimewekewa muda wa kuhesabu. Kuna saa 4, saa 24, saa 48, siku 15 na siku 90. Ila muda hauwezi kuhesabiwa ikiwa mwanzo wake haujulikani. Polisi wana vitabu vyao vya kumbukumbu. Na wewe uwe na chako.

Anza kuandika kabla hujapiga simu

Aliyeshuhudia tukio ndiye wa kwanza kuandika, hata kama ni kwenye simu au nyuma ya risiti. Mambo yenyewe ni machache: siku, saa, mahali, walikuwa askari wa polisi au mgambo, wenye sare au wa kiraia, namba ya gari, maneno waliyoyasema, na nani mwingine aliona. Mfano:

"Jumanne, saa 5:20 asubuhi, Mtaa wa Kongo, mbele ya duka la mabegi. Askari wawili wa sare, mmoja wa kiraia. Walisema ni maagizo ya wilaya. Shahidi ni jirani wa meza ya soksi. Saa 6:05 mchana tumefika Msimbazi, mapokezi wamekubali kuwa yupo."

Maandishi hayo yana thamani kuliko simu kumi za kubembeleza. Wakili atakayekuja kesho ataanzia hapo, na hakimu akiuliza mtu huyu yuko ndani tangu lini, jibu litakuwapo.

Ukifika kituoni nenda mapokezi kwa adabu, bila kupaza sauti. Kumtukana askari kunaweza kukuweka ndani na wewe. Sema: "Shikamoo afande. Tunamuulizia ndugu yetu, jina lake ni hili, amekamatwa leo saa 5:20. Tunaomba kujua yuko hapa, ameandikishwa kwa kosa gani, na nani mpelelezi wake." Hakikisha jina limeandikwa sawasawa kwenye kitabu cha mahabusu, majina yote matatu. Jina likikosewa herufi mbili tu, wewe utaambiwa hayupo na yeye yumo. Ukijibiwa hayupo Msimbazi, usikae hapo ukisubiri. Gawaneni, mmoja aende Kituo Kikuu, mwingine Buguruni, mwingine Stakishari, na kila mmoja aandike saa aliyouliza na jibu alilopewa.

Amri imetoka kwa nani?

Hili ndilo swali la pili baada ya "yuko wapi". Hapa Ilala, wilaya yenye Kariakoo, mtu anaweza kuzuiwa hasa kwa njia tatu, na kila njia ina saa au siku zake.

Njia ya kawaida ni polisi kumshikilia mtuhumiwa wa kosa. Hapa inatawala Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985. Inamtaka anayekamata amweleze anayekamatwa sababu ya kukamatwa kwake. Inampa polisi saa 4 za kumhoji na kuchukua maelezo tangu alipomtia mkononi, na muda huo unaweza kuongezwa hadi saa 8 zaidi kwa utaratibu uliowekwa. Mahakama ya Rufani imewahi kuyatupa maelezo ya onyo kwa sababu yaliandikwa nje ya muda. Kwa hiyo ile "saa 5:20 asubuhi" uliyoiandika inaweza kuja kuamua kesi nzima mbele ya safari.

Halafu kuna zile saa 24 ambazo kila mtu mjini anazijua nusunusu. Sheria haisemi kwamba zikiisha mlango wa mahabusu unafunguka wenyewe. Inasema mtu aliyekamatwa bila hati, asipoweza kufikishwa mahakamani ndani ya muda huo, polisi waangalie kumtoa kwa dhamana, isipokuwa kwa makosa yenye adhabu ya kifo. Wakiendelea kumshikilia, afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Tamko lako kaunta liwe hivi: "Afande, saa 24 zimetimia. Tunaomba dhamana, au tuelezwe anapelekwa mahakama gani na lini." Ombi lenye machaguo mawili ni gumu kulijibu kwa "njoo kesho".

Kuhusu dhamana ya polisi, nenda umejiandaa. Wadhamini wawe watu wazima wanaojulikana wanapoishi, wenye kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa atafutwe mapema, kwa sababu muhuri wake ukikosekana mtu analala ndani kwa ajili ya karatasi tu. Na dhamana ya polisi haiuzwi. Ukiombwa hela ya kumtoa ndugu yako, andika nani kaomba na kiasi gani, kisha piga TAKUKURU kwa namba 113, ambayo ni bure.

Ikiwa mtu kakamatwa pamoja na bidhaa, dai hati ya mali iliyochukuliwa, iliyosainiwa na mwenye mali na mashahidi. Marobota matano ya vitenge yasipohesabiwa mbele ya mwenyewe, yanaweza kufika kituoni yakiwa matatu.

Saa 48 za mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya

Njia ya pili ndiyo inayowachanganya watu wengi, nayo ndiyo inayofanana hasa na kizuizi cha tahadhari, kwa maana ya kumzuia mtu kwa kile anachodhaniwa kuwa atakifanya. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, kwenye vifungu vya 7 na 15, inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya mamlaka ya kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa saa zisizozidi 48.

Mamlaka hayo yana masharti. Kiongozi lazima awe na sababu ya kuamini kwamba mtu huyo anaelekea kuvunja amani au kuvuruga utulivu, na kwamba hakuna njia nyingine ya kuzuia hilo ila kumweka ndani. Sababu ziandikwe. Saa 48 zikiisha bila kufikishwa kwa hakimu, aachiwe, na asikamatwe tena kwa sababu ileile. Kiongozi anayetumia madaraka haya vibaya anaweza kushtakiwa chini ya Kanuni ya Adhabu kwa matumizi mabaya ya madaraka.

Yasome masharti hayo ukiwa na Kariakoo kichwani. Kuchelewa kulipa pango la kizimba hakuvunji amani. Kujibu hoja mkutanoni, hata kwa ukali, si vurugu. Deni la mtu na mtu ni la mahakama ya madai. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023 kulalamikia kamatakamata ya kodi, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Kufunga duka lako mwenyewe kwa kulalamika hakukuhesabiwa kuwa uvunjifu wa amani.

Mara nyingi amri hizi hutolewa kwa mdomo, mbele ya kadamnasi. Kwa hiyo ziwekee maandishi wewe. Andika barua fupi kwa mkuu wa kituo, nakala kwa mkuu wa wilaya:

"Ndugu yetu (jina kamili) yupo mahabusu ya kituo chako tangu Jumanne saa 5:20 asubuhi. Tumeelezwa kuwa amezuiwa kwa amri ya mkuu wa wilaya. Saa 48 zitatimia Alhamisi saa 5:20 asubuhi. Tunaomba kujua sababu zilizoandikwa, na tunaomba muda huo ukifika awe amefikishwa mahakamani au ameachiwa."

Barua haina tusi, haina siasa, haimbembelezi mtu. Peleka nakala mbili na uombe moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, andika kwenye nakala yako tarehe, saa, na namba ya askari aliyeipokea au aliyeikataa, na shahidi asaini.

Ujihadhari na Ijumaa jioni. Anayekamatwa Ijumaa saa 11 atasikia kwamba hakuna mahakama hadi Jumatatu. Saa 48 hazihesabu siku za kazi, kwa hiyo zinatimia Jumapili saa 11 jioni, na polisi hawahitaji hakimu ili kumwachia mtu. Barua yako ifike Jumamosi asubuhi.

Amri ya Rais

Njia ya tatu ni Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962, ambayo leo ni Sura ya 361. Ilitungwa na nchi changa iliyokuwa na hofu, na haikukaa bure. Baada ya maasi ya wanajeshi Januari 1964, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walijikuta ndani bila kesi. Christopher Kasanga Tumbo, aliyekuwa kiongozi wa wafanyakazi wa reli kisha mpinzani wa serikali, naye aliwekwa kizuizini mwaka huo. Ndugu zake Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyegeuka mpinzani, Otini na Mattiya, walizuiwa mwishoni mwa 1967 na kuachiwa 1978. Abdulrahman Babu, waziri wa zamani, alikamatwa 1972 baada ya kuuawa kwa Rais wa Zanzibar, Abeid Karume, na akatoka 1978. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Watu walianza kusombwa Machi, na sheria mahususi ya kuwashughulikia ikafuata baadaye. Wazee wa Kariakoo wanakumbuka mitaro iliyojaa sabuni na vitambaa vilivyotupwa usiku.

Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliyokusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama mwaka 1991 iliitaja sheria hii kati ya zile 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa. Bado haijafutwa. Kwa hiyo ni vema kuzijua kinga zilizomo ndani yake, hasa baada ya marekebisho ya 1985 ambayo pia yaliifikisha Zanzibar.

Kwanza, amri lazima iwe ya Rais mwenyewe, kwa saini yake na muhuri wa Jamhuri. Kauli ya askari kwamba "hii ni ya juu" haitoshi. Omba kuiona au kupewa nakala. Pili, ndani ya siku 15 aliyezuiwa aelezwe sababu za kuzuiwa kwake, la sivyo aachiwe. Tatu, ana nafasi ya kujitetea kwa maandishi, na anaweza kuzipinga sababu hizo tena kila baada ya siku 90. Ipo pia kamati ya ushauri inayopitia mashauri ya waliozuiwa.

Utetezi huo wa maandishi usiandikwe kwa hasira. Chukua kila sababu iliyotajwa uijibu peke yake. Wakisema alikutana na fulani tarehe fulani, onyesha alikuwa wapi siku hiyo, na ambatisha risiti, tiketi ya basi au maelezo ya shahidi. Wakisema ni mtu hatari bila kutaja tendo, andika wazi kwamba hakuna tendo lililotajwa na kwa hiyo hakuna cha kujibu. Kisha weka alama kwenye kalenda siku ya 15 na siku ya 90.

Mlango wa Mahakama Kuu

Hati ya Haki za Binadamu iliingia kwenye Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuisimamia 1988. Ibara ya 15 inasema mtu asikamatwe wala kufungiwa ila kwa hali na taratibu zilizowekwa na sheria. Mwaka huohuo wa 1988, katika shauri la Chumchua Marwa, Jaji James Mwalusanya wa Mwanza aliitamka sheria ya kikoloni ya kuhamisha watu kwa nguvu kuwa inapingana na Katiba. Katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani chini ya Nyalali ilibatilisha kifungu kilichonyima dhamana kijumlajumla. Mashauri hayo yalianza na mtu mmoja aliye ndani ambaye hakukubali kukaa kimya.

Chombo cha dharura ni ombi la kuiomba Mahakama Kuu iamuru mtu aletwe mbele yake na anayemshikilia aeleze ni kwa sheria gani. Mawakili huliita habeas corpus, na kwa sheria yetu liko kifungu cha 390 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Namba za vifungu huweza kubadilika toleo jipya la sheria likitoka, kwa hiyo mwambie wakili unachotaka, usishikilie namba. Ndugu anaweza kuapa kiapo kwa niaba ya aliyefungiwa, na ombi likapelekwa Mahakama Kuu kule Kivukoni kwa hati ya dharura. Kiapo hicho kitajengwa kwa yale uliyoyaandika tangu siku ya kwanza: saa, kituo, majibu, barua, mihuri.

Mara nyingi ombi likishafunguliwa, mtu huibuliwa asubuhi inayofuata Mahakama ya Kisutu akiwa na mashtaka. Familia nyingine hulia kwamba zimeshindwa. Hapana. Sasa yuko mbele ya hakimu, kosa lina jina, tarehe ipo, na wakili ana mahali pa kusimama.

Kizuizi chenye jina la kesi

Siku hizi serikali haihitaji sana sheria ya 1962. Yako makosa yasiyo na dhamana, kama utakatishaji fedha, ugaidi na uhaini, na shtaka moja la aina hiyo humfungia mtu gereza la Segerea, Keko au Ukonga kwa muda wote wa upelelezi. Mashehe wa Uamsho wa Zanzibar walikaa mahabusu tangu walipofikishwa mahakamani Dar es Salaam mwaka 2014 hadi mashtaka yalipofutwa Juni 2021. Mwandishi Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019 na akatoka Februari 2020 baada ya makubaliano ya kukiri makosa. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitamka katika shauri la Dickson Sanga kwamba kifungu cha kuzuia dhamana kinapingana na Katiba, na Agosti mwaka huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Mwaka 2022 sheria ikarekebishwa ili kesi isifunguliwe kabla upelelezi haujakamilika, ila makosa makubwa yakaachwa nje ya kinga hiyo.

Ukifika hapo, kazi ya familia ni kutokuchoka. Hudhuria kila tarehe ya kutajwa. Kila mara mwendesha mashtaka akisema upelelezi haujakamilika, wakili aombe hoja ya ucheleweshaji iingie kwenye kumbukumbu za mahakama. Aliye ndani asisaini makubaliano ya kukiri kosa bila wakili kuyasoma kwanza, hata kama ameahidiwa kutoka siku hiyohiyo.

Mwili wake na saini yake

Mwenye kisukari, presha, pumu au mimba, mwambie askari wa zamu kwa maandishi, na dawa zikabidhiwe zikiwa na cheti. Ukimkuta na majeraha, dai fomu ya polisi ya matibabu, PF3, mara moja aende hospitali. Jeraha likishapona linabaki neno lako dhidi ya lao.

Aliyeko ndani ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Kabla ya kutia saini maelezo yake ayasome, au asomewe kama hajui kusoma, na arekebishe yaliyokosewa. Anaweza pia kukaa kimya. Haya ayajue kabla hajakamatwa, maana ndani hakuna wa kumfundisha.

Asiye na hela ya wakili asikate tamaa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Chama cha Wanasheria Tanganyika, Chama cha Wanasheria Wanawake (TAWLA) na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 huwahudumia wasio na uwezo. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko ya waliofungiwa kinyume cha utaratibu.

Kenya imeandika ukomo wa kumfikisha mtu mahakamani, saa 24, ndani ya Katiba yake ya 2010, na Uganda imeandika saa 48 kwenye ya 1995. Sisi saa zetu zimetawanyika kwenye sheria mbalimbali, na hilo ni jambo la kumuuliza kila anayekuja Ilala kuomba kura, pamoja na Sura ya 361 ambayo Tume ya Nyalali ilishaitolea rai. Wakati mkiwauliza wao, fanyeni lililo mikononi mwenu. Viongozi wa machinga, wenye fremu na serikali za mitaa, kila mtaa uwe na orodha ya wadhamini wanne wenye vitambulisho, namba ya wakili mmoja aliyekubali kupigiwa simu, na daftari moja la kuandika nani kakamatwa saa ngapi. Gharama yake ni bei ya daftari, na linaweza kuanza kuandikwa wiki hii.